Pudini ya mkate ya New Orleans na sosi ya moto ya Bourbon, mwongozo kamili kuanzia mkate mpaka sahani

Jamani tuanze na mkate kabla hata hatujagusa yai, maana hii pudini huwa inaharibika mapema sana kuliko watu wanavodhani, inaharibika pale unapochukua mkate laini wa asubuhi hiyo hiyo ukaukata kata ukaumwagia maziwa. Hapo hata uwe na Bourbon (ile wiski ya Marekani) ya bei gani utatoa uji wenye mayai. Mkate ukauke kweli kweli, mengine yote yanarekebishika.

Ni chakula cha watu wa Kusini mwa Marekani na mji unaojulikana nayo kuliko yote ni New Orleans kule Louisiana, na kuna sababu. New Orleans wana mkate wao wanauita wa Kifaransa ila sio ule wa Paris, huu ni mrefu, ganda jembamba linalovunjika vunjika ukiligusa, ndani mwepesi umejaa hewa, ndio huo wanaotengenezea po'boy, ile sandwichi yao ya kamba wa kukaanga au nyama ya ng'ombe yenye mchuzi. Bekari ya Leidenheimer inauoka tangu 1896 na aliyeianzisha ni mhamiaji kutoka Ujerumani, yaani mkate wa Kifaransa mwingi wa mji huo unatoka kwa ukoo wa Kijerumani, ndo New Orleans hiyo. Sasa mkate wa namna hii hauna mafuta ya maana ndani, asubuhi mtamu, kesho yake haukatiki. Ukiwa na mgahawa kila jioni unabaki na mikate ya kutosha, hutupi, unaweka maziwa mayai na sukari unauza kesho yake kama kitindamlo na watu wanapanga foleni. Kuna mgahawa mmoja mkongwe pale, Commander's Palace, wao wameipeleka mbali wakaichanganya na ute wa mayai uliopigwa povu mpaka ikavimba juu ya bakuli, inaletwa mezani mhudumu anaitoboa katikati anamimina sosi ya wiski humo humo. Sisi leo tunafanya ya nyumbani, ya trei, ya kulisha watu 10 hadi 12.

Mahitaji

Ya pudini:
- mkate gramu 450 (upime kabla ya kuukausha)
- maziwa yenye mafuta yake yote, mililita 750
- krimu ya kupikia mililita 250
- mayai makubwa 5
- sukari gramu 250, nyeupe au ya kahawia au nusu kwa nusu
- siagi gramu 60 iliyoyeyushwa, na nyingine kidogo ya kupaka trei
- vanila kijiko 1 cha mezani
- mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai
- kungumanga ya kukwangua, robo kijiko cha chai
- chumvi nusu kijiko cha chai
- zabibu kavu gramu 150
- pecan (njugu za Marekani) nusu kikombe kama unazo

Ya sosi:
- siagi gramu 115
- sukari gramu 200
- krimu mililita 120
- Bourbon mililita 60 hadi 80
- chumvi, ile ya kubana kwa vidole viwili
- vanila kijiko 1 cha chai

Trei iwe ya sentimita 23 kwa 33 hivi, ya kioo au ya bati haijalishi, ila iwe na kina cha sentimita 5. Kama una trei ndogo punguza vyote nusu, ila mayai weka 3 usijisumbue kukata yai.

Mkate, sasa kwa urefu

Ukiwa Marekani nenda kanunue baguette au ule mkate mrefu wa supamaketi wenye ganda, acha ile michachu ya unga uliochachushwa muda mrefu maana uchachu wake unagombana na Bourbon. Ukiwa Mombasa boflo iko karibu sana na tunachotaka, ile ya bekari ya mtaani isiyo na sukari nyingi. Nairobi au Dar wengi mna mkate wa slesi, loafu ya gramu 400 ongezea na vislesi viwili vitatu, inafaa, ila ujue ule mkate una mafuta na sukari na ni laini kama sponji kwahiyo kazi ya kuukausha ni kubwa zaidi na ladha itakuwa ya keki keki. Brioche na challah, ile mikate laini yenye mayai, nazo watu wanatumia, zinatoka tajiri sana, kwangu mimi ukishaweka sosi yenye siagi nusu ya robo kilo kasoro kidogo juu ya brioche ambayo nayo imejaa siagi unakula vijiko vinne unaomba maji.

Kuna kitu watu wanachanganya hapa. Mkate wa jana sio lazima uwe mkate mkavu. Mkate ukikaa kwenye mfuko wa nailoni unakuwa mgumu kwasababu wanga wake unajipanga upya, lakini maji bado yamo humo humo ndani, ndo maana ukiupasha moto unalainika tena. Sisi tunataka maji yatoke, ili nafasi yake iingie kastadi, yaani ule mchanganyiko wa maziwa, mayai na sukari. Mkate wenye maji yake ndani hauna pa kuiweka kastadi, inabaki imeelea pembeni, ukioka unapata vipande vya mkate mlowevu vimezungukwa na yai lililoganda.

Kwahiyo kata vipande vya sentimita 2 na nusu hadi 3, usikate vidogo vitapotea vyote viwe uji, ganda usitoe kabisa, ganda ndo linashikilia pudini isimong'onyoke. Tandaza kwenye trei mbili visipandane, washa oveni nyuzi 120 za selsiasi (walio Marekani ni 250 kwenye kitufe chenu) weka dakika 30 hadi 40, nusu ya muda geuza. Hatutaki vibadilike rangi, hatutengenezi tosti. Vimekuwa tayari pale ukichukua kimoja ukakivunja katikati kinakatika kwa mlio mpaka kiini, kama katikati bado kinanyumbuka rudisha. Viache vipoe. Kama huna haraka tandaza usiku kucha mezani na kitambaa juu, kwa walio sehemu kavu inatosha, lakini kwa watu wa pwani jamani ule unyevu wa Dar na Mombasa mkate haukauki, unaota ukungu, tumieni oveni.

Zabibu na pecan

Zabibu ziloweke mapema, weka kwenye kikombe mimina Bourbon mililita 60 iliyopashwa kidogo (hii ni nje ya ile ya sosi), funika saa moja au usiku kucha. Kama hutaki pombe loweka kwa chai ya rangi ya moto, inatoka nzuri kuliko maji matupu. Zabibu usipoloweka zinanyonya kastadi iliyo karibu nazo na zile za juu zinaungua zinakuwa chungu.

Pecan ni mti wa huko huko Marekani, na kwa habari tu, Louisiana ndiko mtu mmoja aliyekuwa mtumwa, jina lake Antoine, mtunza bustani kwenye shamba la Oak Alley, aliweza kuupandikiza miche ikatoa njugu zinazofanana, hiyo ni miaka ya 1840, na kilimo cha pecan cha kibiashara kikaanzia kwenye ile kazi yake. Huku kwetu ni ghali na mara nyingi za kwenye pakiti zimeshachina, onja kabla. Korosho zilizokaangwa kidogo zinafanya kazi vizuri tu, karanga hapana, karanga zinatawala kila kitu.

Kastadi

Pasha maziwa na krimu mpaka yawe ya vuguvugu, usichemshe, ni ya kuyeyushia sukari tu. Maziwa ya pakiti hayana shida, kama ni ya kupimiwa dukani yachemshe kwanza kama kawaida alafu yapoe. Asiye na krimu atumie lita nzima ya maziwa aongeze siagi gramu 30, au atumie maziwa ya kopo mazito yasiyo na sukari, wapishi wengi wa Kusini wanayatumia na hawaoni aibu.

Kwenye bakuli kubwa vunja mayai, weka sukari, chumvi, vanila, mdalasini, kungumanga, piga kwa uma mpaka usione tena ute umejitenga. Usipige kwa mashine, povu likiwa jingi pudini inavimba kwenye oveni alafu inaanguka. Mimina maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, mwisho siagi iliyoyeyuka. Ukiona siagi imeganda vipunje vipunje juu maziwa yamekuwa ya baridi mno, hakuna madhara, itayeyuka huko mbele.

Resipi nyingi za zamani za New Orleans zinaweka mayai 3 na sukari vikombe 2 kwa lita moja ya maziwa. Hizo zinatoka tamu sana na laini laini, na sukari yenyewe inachelewesha mayai kuganda ndo maana zinakaa oveni muda mrefu. Mimi naona ukishakuwa na sosi tamu juu hakuna haja ya pudini kuwa tamu hivo, ndo maana nimeweka gramu 250 na mayai 5. Ukipenda ya zamani pika ya zamani, ni halali yako.

Iliki msiweke. Najua mkono utaenda wenyewe, ila ukiweka iliki unapata harufu ya mahamri na Bourbon inapotea kabisa, nenda nayo siku nyingine ukiwa huna sosi.

Kulowesha

Paka trei siagi. Changanya mkate, zabibu na maji yake, pecan, kwenye bakuli kubwa kwanza, mimina kastadi yote, geuza geuza kwa mikono taratibu, alafu kandamiza kwa kiganja mkate uzame. Mwanzo itaonekana kastadi ni nyingi mno utatishika. Acha. Dakika 30 ni kiwango cha chini, saa moja nzuri, ukitaka kulala nayo kwenye friji mpaka asubuhi ndo bora zaidi ila funika. Kila baada ya dakika 10 kandamiza tena. Chukua kipande kimoja kikubwa kikate katikati, ukiona kiini kimebaki cheupe kikavu bado muda, kikiwa na rangi moja mpaka ndani twende.

Hamishia kwenye trei. Hapa juu kabisa panga vipande vichache vyenye ganda vikitokeza kidogo, visizame, hivyo ndo vitapata ule ukavu wa juu wa kutafuna. Nyunyizia sukari kijiko kimoja juu.

Kuoka

Oveni nyuzi 175, kwa Farenhaiti 350, iwe imeshapata moto. Trei rafu ya katikati, dakika 45 hadi 55, kama ilitoka friji ongeza dakika 10. Baada ya dakika 30 angalia, juu ikiwa inaenda haraka kuwa nyeusi funika na foili bila kubana.

Kuhusu ile ya kuweka trei ndani ya trei nyingine yenye maji ya moto, inasaidia, kingo hazikauki, na kama oveni yako ina moto wa hasira ni vizuri ufanye, maji yafike nusu ya kimo cha trei. Lakini kwa pudini hii yenye mkate mwingi sio lazima, mkate wenyewe unalinda mayai. Mimi siweki maji maana nataka pembeni pawe pameiva sana, kuna watu hapo mezani wanagombania kona.

Kujua imeiva: katikati imevimba kidogo, ukitikisa trei inatetemeka kwa pamoja, sio kuchezacheza kama kimiminika, na ukichomeka kisu katikati kinatoka na unyevu lakini hakina maziwa meupe. Mwenye kipimajoto katikati iwe nyuzi 75 hivi. Kastadi yenye maziwa na sukari inaanza kukamata kwenye nyuzi sabini na kitu, ukiipeleka kupita 85 mayai yanakaza na kukamua maji, ndo yale maji maji unayaona chini ya trei unadhani haijaiva unairudisha unaiua zaidi. Itoe ikiwa bado inatetemeka, inaendelea kuiva nje kwa moto wake.

Iache dakika 15 hadi 20. Itashuka kidogo, ni kawaida.

Wasio na oveni: sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini kama sentimita 2, pasha moto kwa jiko la mkaa dakika 15, weka sufuria ndogo yenye pudini ndani, funika, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, vile vile unavooka mkate wa kumimina. Chukua dakika 50 hadi saa na robo, inategemea mkaa. Pudini ya namna hii juu inatoka nzuri ajabu.

Sasa sosi, na kwanza Bourbon yenyewe

Bourbon ni wiski ya Marekani, na sheria yao imeibana vizuri: nafaka yake angalau asilimia 51 iwe mahindi, ikae kwenye mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa moto ndani, iingie kwenye pipa isizidi asilimia 62.5 ya pombe, iingie kwenye chupa isipungue 40, na hairuhusiwi kuongezwa rangi wala ladha. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitangaza kuwa bidhaa ya kipekee ya nchi hiyo. Sehemu kubwa mno inatoka Kentucky, na ndugu zetu Wakongomani wanaoongea Kiswahili pale Louisville na Lexington wanaishi katikati kabisa ya hiyo biashara.

Kwanini inafaa kwenye sosi: ni lile pipa. Mwaloni ukichomwa ndani unatoa ladha zile zile za vanila na sukari iliyoungua, sasa wewe una siagi na sukari na vanila kwenye sufuria tayari, Bourbon inaingia kama imefika nyumbani. Wiski za Skotilandi zenye moshi zinaleta harufu ya jiko la kuni kwenye kitindamlo, sipendi. Wiski ya Tennessee kama Jack Daniel's sawa kabisa, ramu nyeusi sawa, huko New Orleans nako wengi wanaweka ramu. Konyagi hapana jamani, itakupa ukali tu bila ladha ya pipa. Na usinunue chupa ya gharama, ile ya bei ya kati inatosha, ile nzuri sana kunywa nayo pembeni kama wewe ni mnywaji.

Sufuria ndogo nzito, moto wa wastani, yeyusha siagi gramu 115, tia sukari, koroga mpaka isikwaruze chini ya mwiko. Mimina krimu taratibu, itarusha mvuke, usiinamie. Ikianza kutokota punguza moto iache itokote kidogo kidogo dakika 4 hadi 5 huku unakoroga, itakuwa nzito kiasi cha kushika mgongo wa kijiko. Ikiwa motoni inaonekana nyepesi, usiikaushe, ikipoa inaongezeka uzito.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana kuna watu wanaungua nyusi. ZIMA JIKO, toa sufuria juu ya jiko, subiri dakika moja, ndo umimine Bourbon, na umimine kutoka kwenye kikombe ulichopimia, usimimine kutoka kwenye chupa. Mvuke wa pombe unashika moto wa gesi haraka sana na moto unaweza kupanda kwenye mkondo mpaka kwenye chupa uliyoshika mkononi. Koroga, weka chumvi na vanila, onja. Ukiona ukali unapanda puani rudisha jikoni moto mdogo dakika moja au mbili, ukiona ladha imefifia ongeza kijiko. Ikishika moto funika na mfuniko, usipulize wala usimwagie maji.

Kuna sosi ya kizamani yenye yai ambayo bado utaikuta New Orleans: siagi na sukari vinapashwa kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, yai moja linapigwa pembeni, unalizoesha joto kwa kuliwekea kijiko kimoja kimoja cha ile siagi ya moto, alafu unalirudisha kwenye bakuli unakoroga bila kuacha mpaka nyuzi 71, wiski inaingia mwisho ikishapoa kidogo. Inatoka ya kung'aa, nzito, tamu sana. Lakini ukizubaa sekunde chache una mayai ya kukoroga kwenye sukari. Kwa mara ya kwanza pika ya krimu.

Na kwa wasiotumia pombe

Nimeona watu wanaambiana pombe yote inaruka ikipikwa. Sio kweli na ni vizuri mtu ajue kabla hajamkaribisha mgeni. Idara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la haya mambo: pombe ikiwekwa kwenye kitu kinachochemka kisha ukatoa motoni inabaki kama asilimia 85, ukiiwasha moto inabaki 75, ikitokota dakika 15 inabaki 40, nusu saa 35, na hata masaa mawili na nusu bado 5. Sosi yetu iko kwenye kundi la kwanza kabisa. Kwahiyo kwa Muislamu, kwa mtoto, kwa mjamzito, kwa mtu aliyeacha pombe anapambana nayo, sosi hii ina pombe, basi, mwambie mapema au mpikie nyingine. Zile zabibu pia.

Hiyo nyingine inapikwa hivi: sukari gramu 200 iyeyushe peke yake sufuriani bila kitu mpaka iwe rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hapo ndo utie siagi, alafu krimu mililita 160 ya vuguvugu, itaruka sana kuwa makini, koroga mpaka vipande viyeyuke. Pembeni chemsha juisi ya tufaha kikombe kimoja mpaka ibaki robo, iongeze, na chumvi iwe kubwa kidogo kuliko ile ya kwanza. Ule uchungu mdogo wa sukari iliyoungua ndo unaziba pengo la pipa. Vanila ya maji ya Marekani nayo kisheria ina pombe angalau asilimia 35, kwahiyo mwenye kutaka isiwepo kabisa atumie vanila ya unga au lile ganda lake.

Kupakua

Pudini iwe ya vuguvugu, sosi iwe ya moto. Kata vipande vya mraba, weka kwenye sahani, mimina vijiko viwili vitatu vya sosi juu ya kila kipande pale pale mezani. Usimwage sosi yote kwenye trei nzima ikiwa jikoni, juu patalainika ule ukavu uliouhangaikia upotee, na kitakachobaki hakitapashika vizuri. Aiskrimu ya vanila watu wanaongeza, haina ubaya, ila sosi inagandishwa nayo haraka. Kwangu chai ya rangi au kahawa kavu pembeni basi.

Ikikugomea

Maji chini ya trei: umeoka kupita kiasi, au mkate haukuwa mkavu, na ya pili ndo ya kawaida zaidi. Kutofautisha angalia yai, likiwa na vitundu vitundu na linakaza ni moto, likiwa laini na mkate unateleza ni mkate. Katikati kavu kama keki ya juzi: haikulowa muda wa kutosha, au ulizidisha mkate kwa kuukadiria kwa macho, mizani ni rafiki yako. Harufu ya yai kali: vanila au chumvi kidogo mno, au umeila ya moto sana, isubiri.

Sosi ikikatika, mafuta yakaelea juu, toa motoni tia krimu ya baridi kijiko kimoja au viwili piga kwa nguvu, itarudi. Ikiwa na chembe chembe za sukari, rudisha na kijiko cha maji moto mdogo mpaka ziyeyuke, na safari nyingine koroga vizuri kabla ya krimu.

Ya kesho

Funika weka friji, siku 3 hadi 4 iko salama, sosi kwenye chupa yake peke yake inakaa wiki. Pudini pasha oveni nyuzi 160 ikiwa imefunikwa na foili dakika 15 hadi 20, maikrowevu inaifanya ya mpira. Sosi itakuwa imeganda na siagi imejitenga juu, pasha moto mdogo sana huku unakoroga, isichemke tena, na ikiwa nzito mno tia maziwa kidogo. Na kama asubuhi una kipande cha baridi, kikate bapa kikaange kwenye siagi kikaangioni mpaka pande zote mbili ziwe na rangi, nyunyizia chumvi kidogo sana, ule na chai.